Siku Nne za Tanga

Karatasi ile bado ninayo. Ni ya daftari la skuli, imekunjwa mara nne, na kichwani pake nimeandika kwa wino wa buluu: "Tanga na Pangani, siku nne." Niliiandika nyumbani Unguja mwezi wa Novemba 2016, kwa usiku tatu mfululizo, vitabu vimenizunguka kama mwanafunzi anayengojea mtihani. Mama yangu, mzaliwa wa Ngamiani aliyeletwa Unguja kwa ndoa mwaka 1968, alikuwa amesema neno moja tu baada ya sala ya Isha: "Nataka kwenda Tanga kabla sijafa." Hakulisema kwa huzuni. Alilisema kama mtu asemaye kwamba chumvi imekwisha jikoni.

Sikumuuliza anakwenda kufanya nini. Nilidhani najua. Mtu mzima hutamani kuiona nchi aliyozaliwa, akaonja tena vyakula vya utotoni mwake, akapigwa na upepo wa bahari ya kwao, kisha akarudi ametua moyo. Nami nilikuwa nimeitamani safari hiyo kwa miaka mingi, kwa sababu zangu mwenyewe. Tanga niliyoijua mimi ilitoka vitabuni. Nilikuwa nimefika huko mara mbili tu, mara ya kwanza nikiwa mtoto wa mgongoni, na Shaaban Robert alikuwa amenifunza habari za pwani ile zaidi ya alivyonifunza mama.

Basi nikapanga. Siku ya kwanza nikaipa mji wenyewe. Asubuhi tungekunywa chai Ngamiani, ambako mitaa inatajwa kwa hesabu, Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, mpaka kupita ishirini, na mgeni hapotei ila kwa uzembe wake. Nikaandika: mbaazi za nazi, mahamri, vitumbua. Kutoka hapo tungekwenda Boma la zamani la Wajerumani, lilimo jumba la makumbusho la Urithi, tupitie na mnara wa saa, kisha tuteremke ufukweni tukitazame kisiwa cha Toten. Jina hilo ni la Kijerumani na maana yake ni wafu; kisiwani pana magofu ya msikiti na makaburi ya zamani, na kinakaa katikati ya maji ya bandari kama chombo kilichotia nanga kikasahauliwa.

Baada ya hapo nikatia vita. Mwezi wa Novemba 1914 meli za Waingereza zilileta katika bandari ile askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi: Marajput, watu wa Kashmir, na wengine wa kusini kabisa mwa India. Walishuka upande wa Raskazone, wakapita mashambani na vichakani kuelekea mjini, wakakutana na askari wa Lettow-Vorbeck waliokuwa kama elfu moja tu. Katikati ya mapigano mizinga ya nyuki ilivurugwa, na nyuki hawakuuliza nani ni wa Kaizari na nani ni wa Mfalme. Siku chache baadaye Waingereza walirudi melini, wakaziacha nyuma bunduki, risasi na maiti. Mambo hayo yalinivutia mno. Nikawaza juu ya kijana wa kijiji cha Kashmir aliyevuka bahari nzima ili afe katika shamba la minazi asilolijua jina lake, nikaandika pembeni ya karatasi: makaburi ya vita, saa kumi jioni, jua likipungua.

Chakula cha mchana nikakipangia samaki wa kupaka, baada ya kupita soko la samaki la Deep Sea tujionee changu na kolekole wakishushwa. Usiku mishikaki na muhogo wa kuchoma. Nilijiona mpangaji hodari.

Siku ya pili ilikuwa ya Amboni. Mapango yale ya mawe ya chokaa yapo kiasi cha kilomita 8 kaskazini ya mji, kando ya njia ya Mombasa, na wenyeji wana mengi ya kusimulia: njia za chini kwa chini zisizo mwisho, mizimu inayopelekewa ubani na maombi, na Osale Otango aliyejificha humo miaka ya hamsini akiwindwa na serikali ya mkoloni. Karibu na hapo pana chemchemi za maji ya moto zinazoitwa kwa jina la Galanos, Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Siku hiyo sikuiandikia chakula, kwa kuwa nilidhani popo watatuondolea hamu.

Siku ya tatu ndiyo niliyoipenda. Barabara itokayo Tanga kwenda Pangani, yapata kilomita 50, ambayo wakati ule ilikuwa bado ya vumbi, imebeba mambo ambayo mpenzi wa ushairi angeweza kuyafuata kwa miguu. Kwanza Machui, alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Sisi watu wa Unguja tuna deni kwa marehemu yule. Yeye ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyeuza vyungu na baadaye akaimba mbele ya masultani. Laiti si kalamu ya mtu wa Tanga, tungelimjua Siti kwa sahani za santuri na uvumi tu. Nilikuwa nimeona haya kwa miaka kwamba sijapata kumsomea Fatiha kaburini pake.

Mbele kidogo ni Tongoni, ambayo zamani iliitwa Mtangata. Pana gofu la msikiti na makaburi yanayozidi 40, na mengi kati yake yalijengwa kwa nguzo, hata inasemwa hakuna mahali pengine katika pwani yetu penye makaburi ya nguzo mengi kama hapo. Nguzo karibu zote zimekwisha kuanguka. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita katika bahari ile, jahazi lake moja, São Rafael, likakwama katika miamba. Mwaka uliofuata alipokuwa anarudi kutoka India, mabaharia wake wengi wamekufa kwa maradhi, alilitia moto hapo hapo kwa kukosa watu wa kuliendesha. Nikafikiri juu ya wale watu wa Mtangata waliosimama ufukweni wakitazama wageni wakichoma chombo chao wenyewe.

Siku ya nne ikawa Pangani. Boma linalosemwa lilijengwa mwaka 1810, lenye milango ya nakshi, na wenyeji husimulia kwamba chini ya nguzo zake walizikwa watumwa wangali hai. Forodhani, kwa kuwa Shaaban Robert alitumika humo katika kazi ya ushuru. Mahali aliponyongwa Bushiri bin Salim mwezi wa Disemba 1889, baada ya vita iliyoanzia mji huo huo mwaka uliotangulia, Sultani wetu alipowakodisha Wadachi ukanda wa pwani bila ya kuwauliza wenyewe. Nilikusudia kuuchukua utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita hivyo, nikausome kwa sauti ukingoni mwa mto. Mwisho Kikogwe, ambako mwaka 1893 ilipandwa miche 62 ya mkonge, ndiyo iliyosalimika katika miche elfu moja iliyosafirishwa kutoka Florida kwa kupitia Hamburg. Mkonge wote ulioijaza nchi, na watu wote walioukata, asili yake ni miche hiyo michache.

Usiku wa nne nikamsomea mama karatasi yangu. Alikuwa ameketi juu ya mkeka akichambua mchele, nami nikawa nasoma kwa sauti ya darsa.

Kwanza alinisahihisha vyakula. Nilipotaja mahamri na mbaazi akasema, "Utawahi. Ukifika saa tatu utakuta ungo." Nilipotaja samaki wa kupaka akauliza nitakula wapi, nikasema hotelini. Akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Samaki wa kupaka wa hoteli hupikwa na mtu mwenye haraka. Samaki huyo anataka mtu wa kukaa naye, ampake tui, amgeuze, ampake tena, moshi umwingie machoni. Nani atakaa na moshi kwa ajili ya mtu asiyemjua?" Nilipofika Amboni akasema hataki kuingia mapangoni, kwani gizani atakaa sana baadaye. Nikacheka, naye akacheka.

Nilipomaliza siku ya nne alinyamaza. Kisha akaanza kuhesabu kwa pingili za vidole. "Toten. Wahindi wa vita. Mshairi wako. Tongoni. Watumwa wa Boma. Bushiri." Akaishika pingili ya sita. "Makaburi sita, baba. Mwanamke haendi makaburini, na hilo walijua. Lakini umenipangia makaburi ya watu wote. La dada yangu halimo."

Sikuwa na la kujibu. Nilijua kwamba mama mkubwa, dada yake wa pekee, alifariki Pangani mwaka 2003. Nilijua kwamba mama hakwenda mazikoni. Nilijua pia, kwa jinsi watoto wanavyojua mambo wasiyoambiwa, kwamba baina yao palikuwa na kitu tangu mwaka 1979. Kitu hicho kilikuwa minazi. Baba yao aliacha minazi 32 upande wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, na mama aliamini kwamba dada yake ameuza sehemu yake bila ya kumwambia. Pengine ni kweli na pengine si kweli. Jambo ambalo sikulijua, na ambalo aliniambia usiku ule huku akiendelea kutoa mawe katika mchele, ni kwamba mwaka 1985 dada yake alimletea kwa mkono wa msafiri kikapu cha machungwa ya Muheza. Mama alikipokea mlangoni, akakitazama, akamrudishia yule msafiri kama kilivyo, akamwambia akirudi Tanga arudi nacho.

"Yalikuwa mazuri," akasema. "Yalinukia mpaka uani."

Hapo akaniamuru nigeuze karatasi, akanipa mpango wake, nami nikauandika. Siku ya kwanza kusafiri. Siku ya pili Pangani. Siku ya tatu Pangani. Siku ya nne kurudi. Nikamuuliza, "Na kula?" Akajibu, "Tutakula tutakachopewa."

Tukasafiri Disemba. Boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi, yapata kilomita 350 kwa njia ya Chalinze na Segera. Mama hakulala. Basi liliposimama Muheza, wachuuzi wakaleta machungwa madirishani, naye akanunua kikapu kizima bila ya kupatana bei, jambo ambalo sijapata kumuona akilifanya kabla wala baada ya siku hiyo. Akakiweka mapajani mpaka Tanga. Nilimwambia nikiweke juu, akakataa.

Watu wa Tanga wana usemi wao, "Waja leo, waondoka leo," na kila mtu huufasiri apendavyo. Mimi siku hiyo niliuona kama ulivyo. Tulifika jua linatua, tukalala, na asubuhi tukaondoka. Niliona mji kwa dirisha la gari: baiskeli nyingi, wanawake wa baibui wakiendesha wima kama malkia, mnara wa saa kwa mbali. Machui tukaipita. Kibao cha Tongoni kikatupita. Niligeuza shingo, na mama akaniona nikigeuza, asiseme kitu.

Pangani tulivuka kwa pantoni. Mto ule ni mpana na maji yake ni ya rangi ya chai ya maziwa, na pantoni lilikwenda taratibu mno. Mama alikuwa anaimba kwa pua, wimbo wa Shakila. Bibi huyo, aliyezaliwa Pangani na kuimbia Black Star na Lucky Star siku ambazo taarabu ya Tanga ilikuwa ikisikilizwa hata Unguja kwa wivu, alikuwa amefariki Agosti ya mwaka huo huo. Nilikuwa nimesahau kumtia katika orodha yangu. Orodha ya mtu anayejiita mpenzi wa ushairi wa pwani, na Shakila hamo.

Nyumba ilikuwa katikati ya minazi ile ile. Binti wa mama mkubwa, dada yangu ambaye sikuwahi kumtia machoni, alizaliwa mwaka 1981, baada ya ugomvi. Alitoka nje akifuta mikono, akamtazama mama kwa muda, akapiga magoti. "Shikamoo, mama mdogo." Mama akajibu "Marahaba" kwa sauti isiyosikika, akampa kikapu cha machungwa. Hakumwelezea. Dada akakipokea kwa mikono miwili kama mgeni yeyote anavyopokelewa zawadi yake, akaenda nacho ndani. Sidhani kwamba alikuwa anajua. Mpaka leo sijui kama alikuwa anajua.

Kaburi lilikuwa mwisho wa shamba, hatua kama mia moja. Mama alisimama chini ya mkungu ulio uani na hakusogea zaidi. Nikaenda mimi pamoja na shemeji yangu. Lilikuwa jiwe kichwani na jiwe miguuni, halina maandishi, limezungukwa na vilua vilivyopandwa na mtu anayejali. Nikasoma Fatiha na Yasin. Niliporudi mama akaniuliza maswali ambayo hakuna kitabu cha mambo ya kale kilichonifunza kuyajibu. Je, jua linalipiga asubuhi au jioni? Mawe ni ya bahari au ya mtoni? Mnazi ulio karibu ni upi, uliopinda au ule mrefu? Nikamwambia ni uliopinda. Akasema, "Huo ni wangu. Baba alinipa mimi huo." Akanyamaza. "Basi vyema. Upo kivulini pangu."

Kisha akaniambia niihesabu minazi. Niliihesabu mara mbili. Ilikuwa 32.

Mchana tuliletewa mkate wa kumimina. Nimekula mkate huo maisha yangu yote, maana mama huupika kila Ramadhani, na sikuzote husema kwamba ameufunzwa na dada yake na kwamba hakuna aupikaye kama dada yake. Hilo alilisema hata katika miaka ambayo jina la dada yake halikutajwa kwa jambo jingine lolote. Mchele hulowekwa usiku, ukasagwa kwa tui zito, ukatiwa hamira na hiliki, ukaachwa uumuke, ndipo ukatiwa sukari na kumiminwa katika sufuria iliyopakwa samli, moto mdogo chini na makaa juu ya mfuniko. Dada aliukata, akampa mama kipande cha kwanza. Mama akakionja. Akakiweka kinywani muda mrefu.

"Hiliki imezidi," akasema. "Na hapa pana kitu kingine."

"Ni maji ya waridi, mama mdogo. Kidogo tu."

"Dada hatii maji ya waridi."

"Tangu nizaliwe naona akitia," dada akajibu kwa upole. "Nimeukuta hivi."

Mama aliutazama ule mkate kama mtu aliyeletewa barua ya mwandiko anaoujua yenye maneno asiyoyajua. Miaka thelathini na saba amekuwa akipika Unguja mkate wa dada yake, kwa kipimo kile kile, bila ya kuongeza wala kupunguza. Na huku dada mwenyewe aliubadilisha. Nilikhofu atalia. Hakulia. Aliomba kipande cha pili, akauliza hayo maji ya waridi ni kiasi gani, ni kifuniko cha chupa au kijiko, na yanatiwa kabla ya kuumuka au baada. Dada akamjibu. Mama akanitazama mimi. "Andika," akasema. Nikaitoa karatasi yangu, na chini ya mpango wa siku nne nikaandika: maji ya waridi, kifuniko kimoja, baada ya kuumuka.

Tulikaa siku mbili. Samaki wa kupaka tulikula usiku wa pili, na aliyekaa na moshi alikuwa dada. Boma sikuliona ila kwa mbali, kutoka ng'ambo. Utenzi wa el-Buhriy nilikuwa nimeuchukua, ukarudi mkobani kama ulivyokwenda.

Siku ya nne tukarudi kwa barabara ile ile ya vumbi. Tulipokaribia Machui mama akamgusa dereva begani. "Simama, baba." Akanigeukia. "Nenda kamsomee huyo mshairi wako. Mimi nitangoja." Nikamwambia kwamba basi la Dar halitatungoja. Akasema mabasi hayajapata kukosekana. Mapajani alikuwa na mkate uliosalia, umefungwa katika jani la mgomba, na wakati nashuka alikuwa anaufungua ampe dereva kipande.